Skrubu Iliyokatikia Kwenye Breki

Mwanangu, kaa hapa karibu nikueleze habari ya skrubu moja, ndogo kuliko hiki kidole changu cha mwisho, iliyonitoa jasho nikiwa msichana wa miaka ishirini na mbili.

Nilikuwa nimetoka jeshini na ufundi wa magari, nikaajiriwa kwenye gereji moja hapa Babati, mwanamke peke yangu. Kila nikishika spana niliona kama mji mzima unanitazama. Ndiyo miaka ile ya shida: sabuni kwa foleni, sukari kwa foleni, na spea huipati hata ukae Arusha wiki nzima.

Mzee Margwe, aliyekuwa akibeba watu na mizigo kwenda Mbulu kwa pikapu yake, aliileta breki zikiwa zimeingia upepo. Ili upepo utoke, ilibidi nilegeze skrubu ndogo iliyo nyuma ya gurudumu, nayo ilikuwa imeliwa na kutu. Mzee akaenda kwake Nangara, akarudi na nusu kikombe cha mafuta ya taa, ya kibatari cha nyumbani kwake.

"Imwagie, halafu uiache mpaka kesho," akasema. "Usiilazimishe, binti."

Niliimwagia. Lakini kutulia sikuweza. Nikaizunguka pikapu, nikafagia, nikanawa mikono, nikarudi palepale. Saa moja haikupita, nikachomeka bomba kwenye spana ili nipate nguvu, nikavuta. Tak! Kichwa kikabaki kwenye spana, kipande kikabaki ndani.

Asubuhi, kabla Mzee hajafika, nilipiga pedali mara nyingi mpaka ikawa ngumu. Alipokuja akaikanyaga, akaridhika.

"Umefanya kazi, binti."

Nikamtazama usoni, naye akaanza kupakia watu. Akaondoka na abiria nyuma, mmoja wao mama aliyembeba mtoto mwenye homa.

Ee, asubuhi ile! Nilishika kazi hii nikaiacha, nikashika nyingine nikaiacha. Nilijua pedali ile ikipumzika kidogo italegea tena, na njia ya Mbulu, mwanangu, unaijua miteremko yake. Nikachukua baiskeli ya gereji bila kumuuliza mtu.

Nilimkuta kijijini Singe, amesimama anapakia magunia.

"Shikamoo, Mzee. Breki si nzima. Skrubu ilinikatikia, upepo bado umo. Nimekudanganya."

Hakuitikia hata marahaba. Akaingia, akakanyaga pedali. Ikazama mpaka chini. Akawaambia watu washuke. Yule mama aliniangalia tu, mtoto mgongoni. Nikasimama barabarani nikihangaika huku na huku kuwatafutia usafiri, mpaka likatokea trekta likawachukua. Mtoto alipona, lakini hilo nililisikia baada ya wiki nzima.

Tukarudi gereji kwa gia ya kwanza, Mzee ameshika breki ya mkono. Akakaa juu ya tairi bovu.

"Haya, itoe."

Nikafungua silinda ndogo ya breki, nikatoa mpira wake, nikaipasha moto kwenye mkaa. Nikagongea ncha ya tupa kwenye kitundu kilicho katikati ya kile kipande cha skrubu, nikazungusha kidogo mbele, kidogo nyuma. Kila nilipotaka kuvuta kwa nguvu, Mzee alikohoa. Ilipofika alasiri, kipande kikatoka. Skrubu nyingine tuliifungua kwenye gari bovu lililokuwa nyuma ya gereji.

"Skrubu hata mimi nimewahi kukata," akasema akiondoka. "Lakini binti, ulinitazama usoni nikiwapakia watu."

Mwanangu, nakuona na wewe huwezi kutulia. Ukiambiwa subiri, subiri. Ukishindwa, ukaharibu, sema palepale, kabla mtu hajayaweka maisha yake juu ya kazi yako. Mimi niliikimbia aibu mbele ya mtu mmoja, nikaikuta Singe mbele ya watu wote.

Mungu akupe mikono yenye subira na kinywa kisichoogopa kukiri. Uwafikishe watu wako salama, nawe ufike.