Maneno Madogo ya Khalti

Daftari lenyewe lina jalada la bluu lililoshikwa kwa plasta ya vidonda. Nililianza nikiwa kidato cha tatu Kitale, mwaka ambao mwalimu wetu wa Kiingereza, mtu mfupi aliyevaa koti hata jua likiwaka, alitupa kazi ya wiki nzima: kila mmoja alete neno moja dogo la Kiingereza pamoja na kazi zote linazofanya. Wenzangu walileta kazi tano, sita. Mimi nilichukua "run" nikarudi na kurasa mbili. Mtu hukimbia, sawa. Lakini kwa neno hilohilo pua hutoka makamasi, mto hutiririka, basi hufanya safari zake, rangi ya kitambaa huchuja, mama huendesha duka, mwanasiasa hugombea kiti, na sukari huisha nyumbani wageni wakiwa wameshaketi. Mwalimu alisoma, akavua miwani, akasema, "Wewe sasa umeanza ugonjwa."

Ulikuwa ugonjwa kweli. Tangu siku hiyo kila neno dogo nililokutana nalo nililipa ukurasa wake. Daftari limekwenda nami Lodwar, Kampala, Arua, Yei na Wau. Njiani nimeacha vitanda, sufuria, redio mbili, na mwanamke mmoja mwema aliyekataa kuhama tena. Daftari sikuliacha. Niliporudi Juba nikiwa nimeshapita arobaini, ndilo lililokuwa juu kabisa ya begi nilipobisha lango la mama mkubwa wangu huko Gudele.

Mama mkubwa ni dada wa mama yangu, na Juba nzima inayomjua inamwita khalti, kama wanavyowaita wote wa cheo hicho kwa Kiarabu cha hapa. Ndiye aliyenilea. Vita vilipotutoa kwetu alinivusha mpaka pamoja na mwanawe mmoja tu, akatupeleka shule Kenya, akajifunza Kiswahili cha sokoni Kitale ambacho mpaka leo ndicho tunachozungumza, maana lugha yetu ya nyumbani mimi naijua nusu. Mwanawe, ambaye kwangu ni kaka, alipata nafasi ya kwenda Australia. Akaoa huko, akazaa binti mmoja, kisha akaugua akafa. Tulimlilia Gudele bila mwili.

Binti yule sasa ni mwanamke wa miaka ishirini. Hajawahi kufika kwetu na hajui lugha yoyote ila Kiingereza. Kila Jumapili, sisi tukiwa tumetoka kanisani na huko kwao giza likiwa limeshaingia, alikuwa akimpigia bibi yake simu. Khalti aliiweka simu juu ya kigoda, chini ya rakuba, kile kibanda cha nyasi tunachokalia kukwepa jua, na mimi nikaketi katikati nikitafsiri. Alichokuwa akitaka khalti kilikuwa kimoja. Kwetu mtoto aliyefiwa na baba hupelekwa kwa mama wa baba, akanyunyiziwa maji, akaambiwa maneno fulani. Asipopelekwa, anabaki kama mtu aliyesimama mlangoni. Khalti alitaka kumnyunyizia mjukuu wake maji kabla ya yeye mwenyewe kuondoka duniani. Hakuwa mgonjwa, lakini magoti yalikuwa yameanza kumpa habari.

Lazima niseme kuhusu ukalimani wangu. Nilijifunzia kanisani Kitale, katika jengo la mabati, nikisimama kando ya wahubiri wageni. Mhubiri akisema, nami nasema. Akinyanyua mkono, nanyanyua. Kazi ile ina siri yake. Mhubiri akiwa mkavu, mkalimani hutia chumvi, kwa sababu watu waliotembea tangu alfajiri na watoto mgongoni hawawezi kurudishwa nyumbani na maneno makavu. Baada ya ibada akina mama walikuwa wakinishika mkono wakisema neno la leo limewaingia. Mhubiri hawakumshika. Hakuna aliyewahi kunilaumu kwa chumvi ile, nami nikaizoea mpaka sikuiona tena.

Jumapili moja, mvua zikiwa ndiyo zimeanza, yule binti aliniambia kwanza nimsikilize mpaka mwisho. Alisema amefikiri sana na hatakuja. Anaogopa. Anaiogopa nchi kwa yale anayoyaona kwenye televisheni, lakini zaidi anaogopa kushuka kwenye ndege akutane na watu wengi wakimlilia baba yake upya, wakati yeye ndiyo kwanza amenyamaza. Akaniomba nimweleze bibi kwa upole.

Khalti alikuwa amenikazia macho. Nikamwambia, "Anasema anamaliza masomo kwanza."

Khalti akatikisa kichwa kwa kuridhika. Akasema nimwambie hakuna haraka, na kwamba atamsukia angareb mpya, kile kitanda cha kamba, aweke kwenye tukul, nyumba ya msonge ya udongo na nyasi, iliyo nyuma ya nyumba. Maneno hayo yalikuwa mazuri, kwa hiyo niliyafikisha yote bila kugusa hata moja.

"Mbona amenyamaza?" khalti aliuliza.

"Mtandao, khalti."

Hivyo ndivyo ilivyoanza, na iliendelea karibu miezi minne. Binti akisema hawezi, mimi nikasema bado kidogo. Bibi akieleza jinsi tukul ilivyosiribwa udongo upya, jinsi chandarua kilivyopatikana, jinsi kondoo dume alivyonenepa, nami nikayafikisha yote. Nilijiambia ninamlinda mama aliyenilea. Sikujiuliza yule wa upande wa pili anasikia nini.

Katikati ya matayarisho hayo khalti aliniomba nimfundishe Kiingereza.

"Akija, usiku wanawake tutaongea mambo yetu," alisema. "Wewe na masharubu yako utalala wapi hapo katikati?"

Alitaka maneno madogo tu. Makubwa, alisema, niwaachie wabunge. Basi kila jioni, akiwa anachambua mboga za khudra, nilifungua daftari na kumpa neno moja. Hakukubali kupewa la pili mpaka amelitumia la kwanza siku nzima. Siku ya "run" alimfukuza kondoo uani kwa Kiingereza, akayaambia vivyo hivyo makamasi ya mtoto wa jirani, akaliambia na bomba la tangi la maji. Akiridhika na neno, alitia kijiwe kimoja kwenye kopo la maziwa. Siku ya "break" nilimweleza kwamba kwa neno hilo kikombe huvunjika, aliyefunga saumu hufuturu, mfanyakazi hupumzika, mapambazuko hufika, na habari mbaya humfikia mtu.

Alifikiri kidogo. "Si kama kupiga kwetu? Unapiga simu, unapiga pasi, unapiga kura, unapiga magoti, na hakuna aliyeumia."

Tulicheka sana jioni ile. Nikikumbuka maisha yangu yote ya kuhamahama, sidhani kama kuna mahali nilipokuwa na raha kuliko pale, harufu ya mboga mikononi mwake na daftari mapajani mwangu. Ndiyo sababu naumia ninaposema lililofuata.

Vijiwe vilipofika thelathini hivi, nilitambua ninachokifanya. Kila neno nililompa lilikuwa hatua moja kumpeleka pale nilipoficha uongo wangu. Nikaanza kuchagua. Nilimpa maneno ya vyombo, ya mvua, ya njia. Yale ya moyoni niliyakwepa. Siku ya Jumapili nilisema kipaza sauti cha simu kimeharibika, nikaibana simu sikioni mwangu. Na jioni moja, nikifunua daftari, nilifika kwenye ukurasa wa "afraid", ambao nilikuwa nimeuandika Arua kwa wino mwekundu: kuogopa, na pia namna ya Waingereza kumkatalia mtu kwa adabu. Nikaushika pamoja na unaofuata, nikazifunua kurasa mbili kama moja. Khalti hajui kusoma. Aliendelea kuchambua mboga.

Jirani yetu alikuwa mama wa Kiganda mwenye duka la sabuni, mafuta na kadi za simu. Kiingereza chake kizuri, Kiswahili chake cha Kampala. Yeye ndiye aliyenieleza baadaye kwamba kesho yake, mimi nikiwa nimekwenda Hai Malakal kutafuta kibarua, khalti alifika dukani na daftari chini ya kitenge. Alilifungua palepale penye wino mwekundu.

"Hapa kijana alipita haraka," alimwambia. "Imeandikwa nini?"

Mama wa duka akamsomea, akamrudilia neno tena na tena, mpaka khalti akaweza kulitamka.

Jumapili iliyofuata simu ililia kama kawaida. Nilinyoosha mkono. Khalti akaichukua kabla yangu, akabonyeza kipaza sauti, ambacho bila shaka kilikuwa kizima. Hakusalimu kwa kirefu. Alimuuliza mjukuu wake kwa Kiingereza, taratibu, kama mtu anayevuka mto kwa mawe: je, anaogopa?

Kulikuwa na kimya, na safari hii hakuna aliyeutupia mtandao lawama. Kisha yule binti akasema ndiyo. Akaanza kulia, na maneno yakamtoka mengi na ya haraka. Khalti hakuyashika yote. Aliyoyashika yalimtosha. Alimjibu kwamba hata yeye anaogopa, akamwambia apige tena Jumapili, akakata.

Mimi nilikuwa natazama miguu yangu.

"Alisema tangu lini?" aliuliza.

"Tangu mvua za kwanza."

"Na mimi kila wiki namwambia habari ya kitanda."

"Khalti, sikutaka uumie."

"Ningeumia siku moja," alisema. "Sasa mtoto anajua bibi yake ni mtu asiyesikia. Analia hapa, na mimi namwambia kondoo amenenepa."

Hakupaza sauti. Afadhali angepaza. Kisha akasema Jumapili ijayo nitachukua simu nimwambie binti mwenyewe, kwa mdomo wangu, kwamba bibi hakupuuza, ila mimi ndimi niliyebadilisha maneno. "Wewe ni baba yake mdogo," alisema. "Hakuna mwingine aliyebaki."

Nikakubali. Nilipokubali nilimaanisha. Usiku nilipanga sentensi zangu, na daftari zima halikunipa neno la kuanzia. Alhamisi nilisikia lori la vitunguu linakwenda Wau na dereva anatafuta mtu wa kumsaidia. Nilimwambia khalti ni kazi ya siku tatu. Aliniangalia nikifunga begi. Daftari nililiacha juu ya kigoda, ili aamini narudi.

Nilirudi baada ya miezi saba.

Kabla ya kugonga lango nilipita dukani, na mama wa Kiganda akaniambia yote bila kuulizwa. Jumapili ile khalti alikuwa ameningoja mimi mpaka simu ikalia, kisha akamwita yeye aje akae naye, lakini asitafsiri. Alimwambia mjukuu wake mwenyewe, kwa yale maneno ya kwenye kopo: baba mdogo sema kuja, wewe sema hapana, mimi sikusikia, mimi pole. Alirudia mara tatu mpaka binti akaelewa.

"Mimi iko hapo, nikalia kama mtoto," mama wa duka alisema, huku akinipimia mafuta ambayo sikuwa nimeomba. "Wewe ulikuwa wapi?"

Baada ya hapo, alisema, wakapatana jambo. Binti hakuja. Lakini Jumapili moja bibi alimwambia aweke bakuli la maji mbele yake. Naye akaweka lake chini ya rakuba. Khalti akasema yale maneno yote kwa lugha yetu, marefu, hakuna aliyetafsiri, akarusha maji hewani mbele ya simu, na huko ng'ambo binti akajirushia mwenyewe. Kondoo akachinjwa, majirani wakala.

Khalti alinipokea vizuri. Alinipa chakula na akauliza habari za Wau. Kwenye tukul ile kulikuwa na angareb iliyosukwa kamba mpya, imefunikwa shuka. Hakuniambia nilale hapo, na mimi sikuomba. Siku chache baadaye nilipata chumba New Site, nacho nimekikalia muda mrefu kuliko chumba chochote tangu Kitale. Daftari alinirudishia. Ukurasa wenye wino mwekundu haumo. Umekatwa kwa wembe, vizuri, bila kugusa wa jirani yake.

Huwa naenda kumwona katikati ya wiki, nikibeba sukari au sabuni. Siku moja nilijikaza nikamuuliza kama binti huwa ananiulizia.

"Aliuliza mara moja," khalti alisema, bila kuinua macho kutoka kwenye mboga. "Nikamwambia umesafiri."

Kutoka New Site hadi Gudele kwa boda si mbali. Ninapoandika haya ni Jumapili, kanisa limetoka, simu inalia chini ya rakuba. Nami bado nimesafiri.