Choo cha Mama Mkwe

Kuna asubuhi moja sijaisahau, mwanangu, na kwa kuwa juma lijalo unaanza kazi ya maji na usafi kwa wakimbizi, afadhali nikusimulie. Nilikuwa na umri kama wako. Vita vilikuwa vimewafukuza watu wa upande wa Mitwaba, na wengi wao walifika hapa Likasi kwa miguu. Walipewa kiwanja nyuma ya nyumba za reli, mtaa wa Shituru. Kikosi chetu kiliwaletea tangi la maji, sabuni, na vyoo vya kuchimba vyenye kuta za turubai, kimoja kwa familia chache. Kazi yangu ilikuwa kuzungumza na akina mama kuhusu usafi.

Maji ya tangi hayakutosha, kwa hiyo watu walichota pia kwenye chemchemi iliyokuwa chini ya mteremko. Asubuhi hiyo, baada ya mvua kubwa, tulikuta kinyesi kwenye majani yaliyo juu ya chemchemi. Kabla ya adhuhuri mtoto mmoja, Mado, alianza kuhara na kutapika, macho yakamzama. Baba yake, Ngoie, alimbeba mgongoni mpaka hospitali, nami nikamfuata na chupa ya maji ya chumvi na sukari. Mtoto akatundikiwa dripu.

Mkubwa wetu wa kazi, Papa Ferdinand, alikasirika.

"Vyoo viko," alisema. "Kama hawataki kuingia, tutasimamisha sabuni."

Alikuwa mtu mwema, ila uchovu ulikuwa umemshinda.

Nikaenda kwa nyanya yake Mado, Mama Numbi, mama mzazi wa mke wa Ngoie. Nilikuwa nimemwona mara nyingi akishuka majanini, na mikutanoni alikuwa haongei kamwe. Nilimkuta tangini, sikumwuliza kitu. Nilibeba dumu lake moja, yeye akabeba lingine, tukatembea pamoja kutoka kwenye tangi. Tulipofika hemani kwake akatua mzigo, akaniangalia.

"Mwanangu, weye uko na mukwe?"

"Hapana, mama. Sijaolewa."

"Basi sikia. Minye siwezi kuingia musalani, fasi ile ile Ngoie anaingia. Akinikuta kwa mulango, nitaweka uso wapi? Tuliacha nyumba, mbuzi, mashamba. Heshima tu njo ilibakia."

Jioni nilirudi hospitali. Nilimwambia Ngoie kwa maneno machache, maana mambo haya hayatamkwi ovyo. Akainamisha kichwa.

"Na minye siingiaka mule," akasema. "Naendaka kule kwa reli, kusudi Mama apate fasi."

Kumbe kila mmoja alikuwa amemwachia mwenzake, na choo kikabaki kikavu.

Papa Ferdinand alinisikiliza mpaka mwisho. Halafu akasema, "Mama-mukwe wangu iko Kambove. Tungetumia musala moja naye, hata minye ningeenda majanini."

Habari ya sabuni haikutajwa tena. Tulitenganisha vyoo: vya wanaume vilihamishiwa upande wa reli, vya akina mama upande wa pili wa kiwanja, mbali na chemchemi, na mbele ya vyoo hivyo tukasimamisha ua wa nyasi ili anayeingia asionekane. Wakimbizi wenyewe walichimba, Ngoie akiwa wa kwanza kushika sururu, maana ardhi yetu ni mawe matupu. Tulisafisha chemchemi, tukaweka mtu wa kutia dawa ya kusafisha maji katika kila dumu linalojazwa. Mado alirudi amekonda, anadai bukari, ugali wetu, na samaki.

Siku vyoo vilipokwisha kujengwa, Mama Numbi alitoka hemani mchana kweupe na kopo lake la maji, akaingia. Alipotoka alinawa mikono kwa sabuni, taratibu, akatupita bila salamu. Sote tulijifanya tunatazama treni, ingawa treni haikuwapo.

Basi, mwanangu, nakuomba hivi. Kabla ya kuchimba shimo lolote kaa na watu, beba nao maji, waulize wanaume peke yao na wanawake peke yao. Usimkasirikie anayenyamaza mkutanoni. Huenda anachokitaka hakisemeki mbele ya wengi. Mtu aliyepoteza kila kitu bado ana haya yake. Ilinde pamoja na chemchemi yake.

Mungu akutangulie kazini, akupe masikio ya kusikia, na kila mtoto utakayemfikishia maji safi akue mpaka awapakate wajukuu wake.