Mita Isiyotikisika

Mkanda wa mashine ulininyofoa vidole viwili nikabaki na ufundi wangu, kwa hiyo hapa Buzebazeba sifundishwi na mtu. Aliyeniponza ni Zuberi muuza vifaa, namtaja ajulikane, kwa mita ya kupima mwendo aliyoniuzia.

Mama Neema alikuwa anatafuta fundi wa kudumu wa mashine yake ya kusaga. Akatuita tushindane kupima mwendo wake, mimi na fundi kijana Hamisi, aliyekuja na mita inayopima muda wa kila mzunguko wa gurudumu. Namba zake zikawa zinarukaruka. Yangu husoma mwanga unaorudi kutoka kwenye gurudumu, ikaushika mwendo na kuufuata. Namba ikatulia tuli.

“Ona kazi ya watu wazima,” nikamwambia Hamisi.

Mama Neema akazima mashine ili atoe jibu. Gurudumu likasimama. Mita ya Hamisi ikasoma sifuri, yangu ikabaki na namba ileile.

“Hii inakumbuka,” nikasema, kifua mbele.

Hamisi akazima taa ya dari. Namba yangu ikaanguka sifuri.

“Kaka, taa hii inapepesa, inawaka na kuzima upesi kuliko jicho linavyoona. Muda wote mita yako imeushika mpepeso huo, si gurudumu.”

Mama Neema akampa Hamisi ufunguo wa mashine. “Na wewe fundi, siku tukisaga taa tutakuita.”