Mguu Aliosingiziwa Tingatinga

Mimi ni fundi cherehani, na mdomo wangu haujawahi kuwa mwepesi. Mteja akisema suruali imembana, naifumua hata kama najua ni tumbo lake lililoongezeka. Mke wangu husema ningefaa kuzaliwa kifungo cha shati, maana kazi yangu ni kushikilia na kunyamaza. Lakini yako mambo ambayo ukinyamaza unakuwa umesema, na mimi nilimfanyia jirani yangu ubaya wa aina hiyo.

Jirani huyo ni mchomeleaji wa vyuma, tunamwita Tingatinga. Karakana yake inatazamana na kibanda changu. Ni mtu mpana, na akicheka hata mabati yaliyoegemezwa ukutani yanaitika. Jumapili asubuhi sisi wa mtaa, watu wa vitambi na mvi, tunacheza mpira kwenye uwanja wa shule. Nahodha wetu ni Kinyozi. Kiti chake cha kunyolea ndiyo redio yetu: ukikaa dakika kumi unaondoka na habari za mtaa mzima.

Miaka mitatu iliyopita timu iliagiza viatu vya mpira kwa pamoja. Kinyozi alishika karatasi, akawa anauliza saizi ya kila mtu kwa sauti.

"Arobaini na sita," akasema Tingatinga. "Na kama hakuna, nileteeni maboksi yenyewe nitafunga kamba."

Watu walicheka mpaka wengine wakakaa chini. Yeye ndiye aliyecheka kuliko wote. Zamu iliyofuata ilikuwa yangu. Mguu wangu ni arobaini na tatu. Nikaona macho yote yamenigeukia, tayari kucheka tena.

"Arobaini na moja," nikasema.

Marehemu mama alikuwa na nundu ya mfupa kando ya kidole gumba cha mguu, na kidole chenyewe kimelalia wenzake. Mimi nami nilikuwa na dalili yake tangu ujana. Vile viatu viliikuza. Mwaka wa pili ilikuwa kama kitunguu kidogo, nyekundu, na kukanyaga cherehani ikawa adhabu. Niliificha kwa soksi, mpaka mke wangu aliponifuma naosha miguu.

"Baba watoto, hiki nini?"

"Kiatu tu."

"Kiatu kimeota ndani ya mguu?" Akachuchumaa, akakigusa, nikaruka. "Mficha maradhi kifo humuumbua. Kesho hospitali."

Daktari alinionyesha picha ya mfupa uliokwenda upande. Alisema utakatwa, unyooshwe, ushikwe kwa skrubu mbili ndogo. Kisha akatabasamu. "Mara nyingi nawaona akina mama waliovaa visigino virefu. Wewe mwenzangu ulivaa nini?"

Hakuwa na nia mbaya, ila neno lile lilinikwama kama mfupa wa samaki.

Jumapili ya mwisho kabla ya operesheni nilikwenda kucheza hivyo hivyo, sikumwambia mtu. Tingatinga alikuja kuunyang'anya mpira, akanikanyaga mguu ule ule. Nilianguka. Akaninyanyua mwenyewe, akanifuta vumbi, tukaendelea. Jumatano nikapasuliwa.

Niliporudi nyumbani na magongo mawili na bandeji hadi kwenye kifundo, Kinyozi alikuja na wenzake wanne wa timu.

"Amekuvunja!" akasema kabla hajakaa. "Si nilisema? Yule mtu akachezee porini na vifaru wenzake. Ni kidole, eh?"

Hapo ndipo nilipopaswa kusema. Neno lilikuwa moja tu, nundu. Nikawaona watu wazima watano wakinihurumia, nikafikiria visigino virefu, nikatazama bandeji.

"Mpira ndivyo ulivyo," nikasema.

Walipoondoka mke wangu alitoka jikoni na kijiko mkononi. "Umewaambia nini?"

"Sikusema kitu."

"Ndiyo maana nauliza."

Tingatinga alikuja jioni ile ile. Alikuwa ameosha mikono mpaka kwenye viwiko, na hakukubali kukaa. "Fundi, nimekuumiza. Wallahi sikukusudia."

"Usijali, ndugu yangu," nikamwambia. Ningeweza kumwambia hakuniumiza. Nilimwambia asijali, kama mtu anayesamehe.

Niliporudi kazini nilikuta chini ya cherehani yangu kimewekwa kiti cha chuma cha kuegemeza mguu, kina mto wa sponji uliovikwa ngozi, na kimo chake kimekaa sawasawa. Nilipokuwa bado kitandani Tingatinga alikuja kunipima mguu. Nikawa nakanyaga kwa mguu wa kushoto, na mishono ya wiki zile ilipinda kama njia ya ng'ombe, huku wa kulia umestarehe juu ya kazi ya mikono yake.

Mpira aliacha. Jumapili wenzake wakielekea uwanjani, yeye alikuwa anakwangua kutu kwenye vyuma ambavyo hakuna aliyeviulizia. Walimtania wakipita: "Mvunja mifupa! Leo unavunja geti la nani?" Zamani angejibu utani huo kwa mwingine mkubwa zaidi, mtaa mzima ukacheka. Sasa alikuwa anashusha ile barakoa yake ya kuchomelea, anainama.

Nami nilikuwa naona yote kutoka kwenye cherehani. Nikajiambia, nitasema nyuzi za mguuni zikitolewa. Zikatolewa. Nitasema nikiacha magongo. Nikayaacha. Mke wangu aliacha kuniuliza, na hilo liliniuma kuliko alipokuwa akiuliza.

Baada ya miezi sita daktari aliniruhusu kurudi uwanjani, kwa viatu vipana. "Mfupa umeshika," akasema. "Lakini mguu una woga wake. Usiulazimishe." Nikanunua arobaini na tatu.

Jumapili hiyo Kinyozi alikuwa ameandaa hotuba. Alinisimamisha katikati ya duara. "Ndugu zangu, shujaa amerudi! Na leo uwanja ni salama, yule mkanyagaji tumekwisha mfungia!"

Wakacheka. Nikainua macho, nikamwona Tingatinga amesimama kwenye lango la shule, na nguo zake za kazi. Alikuwa amekuja kuona kama naweza kukimbia. Naye alicheka kidogo, kama mtu anayelipia mahali pa kusimama. Kisha akageuka kuondoka.

"Hakunivunja," nikasema.

"Nini?" Kinyozi akaniuliza.

"Hakunivunja!" Sikujua nina sauti ile. Nikakaa kwenye nyasi, nikavua kiatu, nikavua soksi. "Tazameni. Mimi ni fundi, najua kilichochanika na kilichokatwa. Huu ni mkato. Nilipasuliwa nundu, kwa sababu nilivaa viatu vya kunibana. Saizi yangu ni arobaini na tatu."

"Ugonjwa wa mabibi harusi!" mmoja akasema, wawili watatu wakacheka. Kinyozi hakucheka.

"Lakini wewe mwenyewe uliniambia..."

"Sikukuambia. Nilikuacha uamini."

Tingatinga alikuwa amerudi. Watu wakampisha. Aliutazama mguu wangu muda mrefu, nami nikiwa nimekaa chini na soksi mkononi kama mtoto.

"Miezi sita," akasema.

"Ndiyo."

"Kile kiti nilikipima mara mbili, kisikukwaruze."

"Ndiyo."

Akaondoka. Nilicheza dakika kumi siku ile. Hakuna aliyenipa pasi, nami sikuomba.

Jumatatu nilivuka barabara, nikasimama mlangoni kwake, nikaomba radhi kwa maneno yote niliyokuwa nayo. Hakuzima moto. Nilipomaliza akainua barakoa. "Nimesikia. Kumbe ukiamua kusema, unasema sana." Akaishusha tena.

Jumapili ya tatu alikuja, na viatu vyake vya maboksi. Wenzake walimshangilia, Kinyozi akamkumbatia mpaka ikawa kero. Akapangwa upande wa pili. Katikati ya mchezo mpira ulinifikia karibu na goli, nikamsikia anakuja, ardhi inatikisika kama zamani. Nikajikaza kulisubiri bega lake.

Halikufika. Hatua moja kabla yangu alisimama ghafla, miguu pamoja, kama mtu aliyefika kwenye sakafu ya saruji mbichi. Nikampita bila kuguswa, nikafunga. Watu wakashangilia. Sijawahi kufunga bao lililoniaibisha kama lile.

Nikamrudia. "Mbona hukuja?"

"Nimekuja. Hii ndiyo iliyokataa." Akainama kuitazama miguu yake, kama ya mtu mwingine.

Nikaenda nyuma ya goli, nikauokota mpira, nikauleta mpaka pale alipokuwa amesimama, nikauweka chini kati yetu.

"Fundi, mpira unaanzia katikati!" Kinyozi akapiga kelele.

"Subiri kwanza," nikamwambia nahodha wangu. Kisha nikamgeukia Tingatinga. "Njoo tena."