Wachungaji Watatu na Ubatizo wa Mama

Kanisa letu la Baptisti pale Makambako lilianzia kwenye stoo ya mahindi. Mwenye stoo alikuwa jirani yetu, mfanyabiashara Mwislamu aliyehamia kutoka Singida, na alimpa baba funguo msimu mmoja mahindi yalipokwisha kuuzwa. Jumapili asubuhi alikuwa anazima mashine yake ya kukoboa mpaka tumalize ibada. Hakuna aliyemwomba. Baba alipokwenda kumshukuru, alisema mashine nayo inahitaji kupoa.

Watu wakiniuliza habari za kanisa lile huanza na wachungaji: nani alikuja kwanza, nani akamfuata, nani alijenga. Nitawaeleza, maana walikuwa watu wa kuelezeka. Lakini mimi nikilikumbuka kanisa namkumbuka kwanza mama, ambaye kwa miaka mingi hakuwa mshirika wake.

Mama ni Mbena wa Lupembe, amezaliwa kwenye mashamba ya chai, na kwao wote ni Walutheri. Alibatizwa akiwa mchanga kwa maji ya bakuli, akapata kipaimara, akafunga ndoa na baba katika kanisa hilohilo. Baba naye alikuwa Mlutheri mpaka alipokutana na mchungaji wetu wa kwanza.

Huyo alikuwa mzee wa Kinyakyusa, mfupi, mwenye koti moja la kijivu alilolivaa kiangazi na masika. Alifika kwenye karakana ya baba kuagiza benchi. Baba ni fundi seremala, na mteja akiwa na maneno humwacha aseme huku yeye anapiga randa. Yule mzee alirudi kesho yake kuangalia benchi, akarudi tena, na hata benchi lilipokwisha aliendelea kuja na Biblia yake. Mwisho wake baba akaenda kuzamishwa kwenye kijito kilicho chini ya mashamba ya miti, mwezi wa sita, wakati majani yanaamka na barafu. Alirudi nyumbani anatetemeka taya.

Mama alimwekea maji ya moto kwenye beseni. "Ametoka Mlutheri asubuhi," alisema. "Sasa amerudi nani?"

"Amerudi mumeo," baba akamjibu.

Yule mzee aliishi kwetu muda mrefu kabla hajapata chumba. Mama alimpikia, akamfulia lile koti, akajifunza kwamba hapendi viazi vilivyolala. Siku moja mzee akamuuliza kama naye haoni sababu ya kubatizwa kwa maji mengi.

"Mchungaji, mimi nilishabatizwa," mama alisema. "Maji yalikuwa machache, lakini aliyenipokea ni yuleyule."

Mzee alitikisa kichwa, akaomba chumvi. Hakumuuliza tena. Mama alikuja nasi stoo kila Jumapili, aliimba, alifagia, na ndiye aliyeoka mkate wa Meza ya Bwana. Mezani alishiriki pamoja na wengine na hakuna aliyesema kitu.

Mzee alipochoka akarudi kwao, tukapata mchungaji wa pili, mtu wa Matembwe, mfanyabiashara wa mbao. Huyo alikuwa na lori na sauti. Alipohubiri, watu waliokuwa wakipita kwenda sokoni walisimama nje. Yeye ndiye aliyetutoa kwenye stoo. Alileta mbao za paa kwa lori lake mwenyewe, akawapanga vijana kufyatua matofali, na ndani ya mwaka tukawa na kanisa letu ng'ambo ya reli. Mimi nilizamishwa na yeye, nikiwa darasa la saba, nikawa mshirika kamili.

Lakini pia ndiye aliyeleta sheria ya Meza. Alisimama Jumapili moja akasema kwamba kuanzia siku ile wanaoshiriki ni waliobatizwa kwa maji mengi peke yao. Hakumtaja mtu. Hakukuwa na haja, kwani aliyekuwa hajazamishwa katika safu zile alikuwa mmoja. Sinia lilipofika kwetu mama alilipokea kwa mikono miwili, akanipa mimi bila kuchukua kitu.

Nilidhani ataacha kuoka. Jumamosi iliyofuata nilimkuta jikoni anakanda unga kama kawaida.

"Bado unawaokea?" nilimuuliza.

"Mkate ni unga na maji, mwanangu. Washa moto."

Yule mchungaji hakukaa sana baada ya hapo. Biashara ya mbao ilimvuta Dar es Salaam, mwanzo wiki, halafu mwezi, na mwishowe alituaga kwa simu. Namtendea haki nikisema kwamba bila yeye tungekuwa bado stoo. Tulikaa muda bila mchungaji, baba na mashemasi wenzake wakipokezana kuhubiri, mpaka alipokuja wa tatu.

Wa tatu alitoka wilaya ya Ludewa, katika kijiji cha ufukweni mwa Ziwa Nyasa, kwa watu wa uvuvi. Alikuwa mrefu na mpole, na baridi yetu ilimtesa; alivaa sweta mbili na bado alikuwa anafikicha viganja mimbarini. Hakuwa na sauti ya yule wa Matembwe. Alihubiri kama mtu anayekueleza njia ya kwenda mahali anapopajua. Mkewe alikuwa mchangamfu kuliko yeye, na yeye na mama walipatana tangu wiki ya kwanza. Alimfundisha mama kukaanga dagaa wa ziwani wakabaki wakavu, na mama akamfundisha kuwasha jiko la pumba za mbao.

Walikuwa hawajamaliza mwaka wa pili mama mchungaji alipopata kiharusi. Aliangukia kwenye kamba ya nguo, uani. Upande mzima wa kushoto ukapooza, na maneno yakapotea. Walimpeleka hospitali Njombe, akalazwa wiki nyingi, na aliporudi nyumbani alikuwa wa kugeuzwa, kulishwa na kuogeshwa. Hawakuwa na mtoto mkubwa wala ndugu wa karibu. Mchungaji alifanya yote mwenyewe. Mama alikwenda kila alipopata nafasi, na nilipofunga cherehani yangu jioni nami nilipita.

Ndipo manung'uniko yalipoanza. Ibada ya Jumatano ilikufa. Wagonjwa wengine hawakutembelewa. Hubiri likawa fupi, na Jumapili nyingine lilikuwa la mwezi uliopita. Hayo yalikuwa kweli na sikuweza kuyakataa. Lakini lililowaudhi wengine lilikuwa jingine. Mchungaji alikuwa akifua khanga na mashuka ya mkewe kwenye bomba la mtaa, mchana kweupe, kati ya wanawake waliokuja kuchota maji. Shemasi mmoja alisema hadharani kwamba kanisa linachekwa.

Sisi hatuna askofu. Mchungaji huitwa na washirika na huondolewa na washirika, kwa kunyoosha mikono. Kwa hiyo mashemasi wakaitisha mkutano baada ya ibada, na mwenyekiti wa mkutano alikuwa baba. Mchungaji alituachia nafasi, akaenda nyumbani kwa mkewe.

Watu walisema waliyosema. Wengi hawakuwa wabaya. Walitaka kanisa liendelee. Hoja ilikuwa apewe miezi ya kujiandaa, arudi kwao ziwani, sisi tutafute mwingine. Mama alikuwa amekaa nyuma karibu na mlango. Akasimama.

"Ninaomba kusema. Mimi naingia nyumba ile kila siku."

Shemasi yule wa maneno ya bombani akamgeukia baba. "Mwenyekiti, utaratibu. Anayesema ni mshirika?"

Kanisa zima likamtazama baba. Alishika ukingo wa meza ile aliyoitengeneza mwenyewe. Nilimwona anatafuta njia nyingine na haioni.

"Mkutano huu ni wa washirika," alisema hatimaye. "Asiye mshirika hana neno hapa. Mama, kaa."

Mama alikaa. Mimi mwanawe nilikuwa na haki ya kusema na kupiga kura, yeye hakuwa nayo. Nilisimama nikasema niliyoyajua, lakini sikusema vizuri. Baba akaahirisha mkutano kwa majuma mawili ili watu waombe.

Tulirudi nyumbani watatu. Mama alisonga ugali, akatenga mezani, akaenda mlangoni.

"Mwenyekiti," aliita, "chakula tayari."

Alimwita hivyo wiki nzima. Mwenyekiti, maji ya kuoga. Mwenyekiti, kuna mteja. Baba alikula kidogo na kuchelewa kutoka karakana.

Katikati ya wiki ya pili mama alijifunga khanga mpya, akaenda kwa mchungaji. Nilikuwa ndani nikimgeuza mama mchungaji, na ukuta wa nyumba ile ni mwembamba, kwa hiyo nilisikia.

"Mchungaji, nataka kubatizwa. Jumamosi hii."

Nilisikia mchungaji akimvutia kiti. "Mama, nimefurahi. Lakini niambie, ni kwa ajili ya Bwana au kwa ajili ya mkutano?"

"Kwa ajili ya mkutano," mama alisema. "Sitakudanganya. Wanakuhukumu watu wasiojua nyumba yako ina nini."

"Basi siwezi."

"Huwezi? Miaka yote hii mnanitaka majini!"

"Nitakubatiza, mama, siku yoyote ukitaka. Ila si kabla ya mkutano. Nikikuzamisha Jumamosi ukanipigia kura Jumapili, nitakuwa nimekutumia wewe, na maji nimeyatumia pia. Acha waniondoe kama wataniondoa."

Mama alitoka bila kuaga. Aliporudi nyumbani baba alikuwa karakana anapima mbao. Alisimama mbele yake na mara ile hakumwita mwenyekiti.

"Baba watoto, mchungaji wako amekataa kunibatiza." Akamweleza yote, na kwa nini alikwenda, na alivyojibiwa.

Baba aliweka futi chini. Aliketi kwenye gogo, akakaa hapo mpaka mteja aliyekuwa akisubiri akaondoka.

Jumapili ya mkutano, baada ya wimbo, baba alimwomba shemasi mwingine akalie kiti, kwa sababu alitaka kusema kama mshirika wa kawaida. Baba si msemaji. Alisema mke wake alitaka kuingia majini ili ampigie mchungaji kura, na mchungaji amemkatalia. Alisema yeye ni fundi, akiona mbao iliyonyooka hahitaji kuambiwa. Kisha akasema jambo ambalo sikulitegemea: kwamba wiki zote zile mashemasi walihesabu nyumba ambazo mchungaji hakuzitembelea, na hakuna shemasi aliyekwenda kuitembelea ya kwake. "Na mimi ni mmoja wao," alisema, akakaa.

Mikono ilinyooshwa. Wengi walitaka abaki. Shemasi wa bombani hakunyoosha upande wowote, na sikumlaumu; huenda alikuwa bado anafikiri. Wiki iliyofuata mke wa shemasi huyo na akina mama wengine walipanga zamu ya kumhudumia mama mchungaji, na ibada ya Jumatano ikafufuka, mara nyingine ikifanyikia uani kwao ili mgonjwa asikie nyimbo.

Mama hakutaja tena ubatizo. Mchungaji naye, kama mzee wa koti la kijivu, hakumuuliza. Ulipita mwaka na zaidi. Mama mchungaji alianza kusimama kwa fimbo, akapata tena maneno machache, na moja ya maneno ya mwanzo lilikuwa "moto", alipotaka uji wake upashwe. Kisha siku moja tukipanda viazi mama aliniambia, bila kuinua kichwa, kwamba Jumapili ijayo ataingia majini na vijana.

"Umebadili mawazo kuhusu maji ya bakuli?"

"Sikubadili. Yale yalikuwa ya wazazi wangu, nayashukuru." Alifukia mstari mzima kabla hajaendelea. "Yule mtu alinikataa nilipokwenda na hila. Tangu siku ile nimekuwa nikitaka kwenda bila hila."

Vijana walikuwa wameziba kijito kwa viroba vya mchanga, maji yakafika kiunoni. Mama alishuka wa mwisho. Mchungaji alikuwa na midomo ya bluu kwa baridi, maana alikuwa amesimama humo tangu mwanzo. Alimzamisha, akamwinua, na mama alitoa sauti ambayo haikuwa haleluya. Ilikuwa Kibena, na waliokielewa walicheka. Baba alikuwa ukingoni na blanketi.

Mama alipata kura yake mkutano uliofuata. Suala lilikuwa mahali pa kujenga choo, baba alitaka nyuma ya kanisa, mama akasema huko kuna mteremko unaoelekea kisima cha jirani. Walipiga kura pande tofauti, na upande wa mama ukashinda.

Mchungaji wa tatu alikaa nasi miaka mingine kadhaa, kisha akarudi Ludewa, kwa kuwa mkewe alitamani ziwa na joto lake. Tuliwasindikiza hadi Njombe kwa gari la kukodi. Baba alimchongea mama mchungaji fimbo nyepesi ya mkaratusi. Wao hupiga simu sikukuu. Sasa tuna mchungaji kijana kutoka Igwachanya, msomi, mwenye spika kubwa, na birika la ubatizo lenye vigae ndani ya kanisa, na akina mama hulitia maji ya moto kidogo. Sheria ya Meza iko vilevile. Mama bado anaoka mkate, ingawa macho yamepungua na mimi ndiye ninayeangalia moto.