Ruhusa ya Kuficha Visanduku

Wakati wa vita nilikuwa nafundisha jiografia darasa la sita, hapa Kalemie, mji wa Kongo ulio kando ya Ziwa Tanganyika. Wanafunzi wangu waliweza kutaja mito ya Ulaya, lakini kilima kilicho nyuma ya shule walikuwa hawajawahi kukipanda. Wazazi walikataza, na walikuwa na haki. Ndipo nikapata wazo la mchezo: nifiche visanduku vidogo kilimani, ndani niweke kalamu za rangi, watoto wavitafute kwa ramani na dira. Miaka mingi baadaye nilisikia kuna watu duniani wanaocheza hivyohivyo kwa simu na satelaiti. Sisi tulikuwa na dira moja, ya marehemu baba yangu, aliyefanya kazi melini.

Kilima kilikuwa cha serikali, kwa hiyo nilianza kwa shefu wa kartie, mkuu wa mtaa wetu. Alinisikiliza mpaka mwisho, akasema zamani angeniandikia ruhusa palepale. Sasa serikali ilikuwa mbali, na kule juu walikaa askari walioushika mji. Hata hivyo hakuniacha peke yangu. Alivaa koti lake la kuendea misa, akanisindikiza kwa komanda wa askari hao.

Komanda alikuwa mtu wa makamo, mpole wa sauti, mgeni wa mji. Aliitazama ramani yangu kwa muda mrefu kuliko alivyonitazama mimi. Aliuliza nani kaichora, nani kanituma, na kwa nini nimetia alama penye kituo cha walinzi wake. Shefu akamwambia ananijua tangu nikiwa mutoto.

"Mama mwalimu," komanda akasema, "mu vita, muntu akificha kitu, anakificha ili kiue. Askari wangu akikuta kisanduku chako, atapiga risasi kwanza."

Nikamjibu kwamba njo sababu nimekuja kuomba kabla ya kuficha.

Kisha akauliza watoto wana umri gani, na nilipomwambia, akaanza kunipa masharti. Nitumie chupa za plastiki zinazoonyesha kilicho ndani, si visanduku. Nisichimbe popote. Njia ya upande wa mto tusiikanyage, wala nisiulize kwa nini. Ramani zote zirudi kwake jioni. Na chupa ya mwisho nisiifiche mimi.

"Hiyo utatuachia sisi, kule juu," alisema. "Nataka askari wangu wawaone hao watoto, wawajue sura."

Sharti hilo liliniogopesha kuliko mengine yote. Mimi na shefu tukapita nyumba kwa nyumba kuwaeleza wazazi. Wengine walikataa, sikuwasukuma. Mama mmoja, ambaye mume wake alichukuliwa kwenye barabara ya Nyunzu na hakurudi, alifunga mlango kabla sijamaliza. Lakini siku yenyewe, asubuhi, alikuja amemshika binti yake mkono, akasema atapanda naye.

Watoto waliipata chupa ya kwanza nyuma ya tangi kuukuu la maji, nyingine kwenye mawe. Walibishana juu ya kaskazini iko wapi, nami nikawaacha wabishane. Tulipofika juu, sote tulisimama. Askari walikuwa wamefagia uwanja, bunduki wameziweka ndani ya kibanda, na sufuria ya mahindi ilikuwa inatoka mvuke.

"Tafuteni," askari mmoja akasema, mikono ameikunja kifuani.

Watoto wakazunguka kibanda, hawakuona kitu. Yule askari akageuka polepole, kama mtu anayetazama ziwa, na chupa ilikuwa inaning'inia kwenye mkanda wake, mgongoni. Binti wa yule mama ndiye aliyeiona kwanza. Alicheka mpaka akakaa chini.

Mama yake alipokea hindi, akakaa pembeni. Baada ya muda alimuuliza yule askari mahali anapoishi mama aliyemzaa. Askari akamtajia mji wa mbali, akasema tangu vita ianze hajapata habari zake.

"Anakuwaza," yule mama akasema. Basi. Wakaendelea kula.

Jioni nilirudisha ramani zote. Kabla mwaka haujaisha komanda alihamishwa, na aliyemfuata alinikatalia bila kuniuliza neno. Sikubishana naye. Tulichezea uwanjani mwa shule, na watoto walipolalamika kwamba ni rahisi mno, nikaanza kuficha vizuri zaidi.