Chombo cha Tatu

Serikali ilipotaka kujua ni vyombo vingapi vinavyovusha watu kwenye mito yetu, mimi nilikuwa nimetoka kuchoma matofali Nyamahanga na sikuwa na pa kwenda. Nina cheti cha kidato cha nne nilichokipata Rulenge na miguu isiyopenda kukaa. Nikapewa fulana ya njano, kishikwambi na orodha ya vivuko vya mto Ruvubu, upande wa Ngara. Kazi ilikuwa kuhesabu mitumbwi, kupiga picha kila mmoja ukiwa unaelea, kujaza majibu na kutuma.

Kulikuwa na sharti moja. Kivuko chenye vyombo chini ya vitatu hakiingii kwenye daftari, na kisichoingia kinafungwa. Watu wake watazungukia darajani, safari ya kutwa nzima.

Kwenye kivuko cha nne nilikuta maji, mafunjo na wanaume watatu wamekaa kwenye nyasi. Mtumbwi hata mmoja sikuuona.

"Shikamoo mzee," nilimwambia mkubwa wao, ambaye kwenye orodha yangu aliandikwa mvushaji.

"Marahaba. Umepotea njia?"

"Nimekuja kuhesabu mitumbwi."

"Mitumbwi?" Aliwageukia wenzake kama mtu aliyeulizwa habari za tembo. "Sisi hapa tunapunga upepo tu."

Suruali yake ilikuwa imelowa mpaka kiunoni, na kando yake kulikuwa na makasia mawili. Nikamuuliza ya nini.

"Ya kuchezea."

Babu yangu alikuwa na mtumbwi. Kila kiangazi aliujaza mawe na kuuzamisha ili jua lisiupasue, na mimi nilipenda kuogelea juu yake na kuukanyaga kwa vidole. Kwa hiyo nilijua kabisa nilikuwa nimesimama juu ya siri yao. Walisikia karani anakuja, wakadhani mtumbwi ukishahesabiwa utachukuliwa. Nikafungua kinywa kuwaeleza lile sharti, lakini mtu akaniwahi.

Ng'ambo ya mto alikuwa amesimama bibi mmoja mwenye kitenge cha bluu na kikapu kichwani.

"Mkwe wangu!" alipaza sauti. "Mtumbwi umeuzamisha wapi leo? Mbona pale penye jiwe siuoni?"

Wale wawili waliinamisha vichwa wakitetemeka kwa kicheko. Mvushaji alitazama mbingu. Kwetu huku mtu anaweza kubishana na serikali, lakini mama mkwe hapigiwi kelele, wala haachwi akasimama juani.

"Naja, mama," alijibu kwa sauti ya mtoto aliyetumwa dukani.

Akaingia majini, akawa anatupa mawe, na mtumbwi ukaibuka polepole ukitiririka maji. Mwenzake akaibua wa pili. Wakati yeye anamvusha mama mkwe, mimi nikawaeleza wale wawili sharti la vyombo vitatu. Kicheko kikakatika.

Mvushaji aliporudi akaambiwa. Alikaa kwenye ukingo wa mtumbwi, kasia mapajani.

"Wa tatu uliondoka na mafuriko ya masika," alisema. "Karani, huku ndiko tunakovushia wagonjwa. Andika vitatu."

"Kishikwambi kinataka picha."

"Basi piga huu mara mbili. Mara ya pili nitaugeuza."

"Kitaujua."

Mama mkwe, aliyekuwa bado anakamua ncha ya kitenge chake, akauliza, "Kwani ule wa nyumbani si umechongwa na fundi huyu huyu aliyechonga hii?"

Nilidhani ana mtumbwi mwingine. Wanaume wakatazamana, kisha wakakimbia kupanda mlima. Walirudi wamebeba begani gogo refu lililochongwa ndani, zuri, lenye harufu ya ndizi zilizochacha. Ulikuwa mtumbwi wa kukamulia rubisi, pombe ya ndizi. Wakautia mtoni. Ulielea ukiwa umelala upande mmoja, kama mtu aliyekunywa kilichokuwa ndani yake.

"Unaelea?" aliniuliza mvushaji.

"Unaelea," nilikiri, nikapiga picha.

Kishikwambi kikaanza maswali.

"Chombo kinabeba watu wangapi?"

"Wanaovuka au wanaokunywa?"

"Wanaovuka, mzee."

"Andika mmoja. Asiwe mnene."

"Injini?"

"Haina."

"Jaketi okozi?"

Walinionyesha madumu matupu. Nikaandika madumu.

Nilibonyeza kutuma. Kiduara kilizunguka na kuzunguka, na wote wanne wakaniinamia begani, mama mkwe akipumua sikioni mwangu. Rangi ya kijani ilipotokea, alinipiga mgongo mpaka nikakaribia kukiangusha kishikwambi mtoni.

Mwaka jana miguu ilinirudisha kule. Watu walikuwa wanavuka kama kawaida, na mitumbwi miwili ilikuwa imepakwa namba nyeupe za daftari ubavuni. Mvushaji alinieleza kwamba mkaguzi alishafika, akavikagua viwili vizuri, akauliza kiko wapi chombo cha tatu.

"Ukamwambiaje?"

"Nilimwambia kiko kazini."

Hakudanganya. Nilipanda hadi nyumbani kwake nikakiona, namba yake nyeupe ubavuni, kimejaa ndizi mbivu mpaka ukingoni, na mama mkwe amekunja kitenge anakamua.